Usiufute Mvumo Kabla Hujauliza

Kosa langu kubwa nililifanya siku ya tatu. Mzee, mwanamuziki wa majaribio, alikuwa amenikabidhi kiroba cha kaseti, kazi zake za miaka zaidi ya ishirini, ili tutoe albamu moja ya mkusanyiko. Kwenye wimbo mmoja kulikuwa na mvumo mzito, kama jenereta ya jirani. Nilikesha nao, Temeke, feni imezimwa nisikie vizuri, nikausafisha mpaka likabaki zeze tupu. Asubuhi nikamwamkia, nikamsikilizisha kwa majigambo. Akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, pantoni liko wapi?"

Ule mvumo ulikuwa injini ya pantoni la Kigamboni. Alilipanda na redio kaseti mapajani, akavuka, akarudi, akavuka tena. Nyumbani akaufungulia ule mlio kwenye redio moja na kurekodi kwa nyingine, huku akipiga zeze kuufuata. Nilichokuwa nimekifuta ndiyo ngoma yenyewe.

Wewe unayeanza kazi hii ya kukusanya muziki wa mtu wa majaribio, lijue hili mapema: mwanamuziki wa bendi ukimsafishia rekodi atakushukuru, huyu usimguse kabla hujamuuliza. Miaka ya 1970 na 1980 bendi za Dar zilirekodi Radio Tanzania, kukiwa na fundi mitambo na mikrofoni za maana. Asiyeingia kwenye mfumo wa bendi, wala rumba wala taarabu, alibaki na redio kaseti yake chumbani. Kwa hiyo mlango unaolia, jogoo, mwadhini wa jirani, vyote vimo ndani, na vingine viliwekwa kwa makusudi.

Lakini kwanza uzitoe kaseti zikiwa hai. Unyevu wa mji huu hauna huruma. Ukiona unga mweupe ukingoni mwa utepe, huo ni ukungu; kaseti hiyo itenge, maana ukiicheza unaipaka hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, na hedi inazipaka nyingine. Safisha hedi na rola kwa spiriti na pamba za masikio kila unapobadilisha kaseti. Za dakika 120 ziogope kabisa, utepe wake ni mwembamba na hukatika bila taarifa. Kijisponji kidogo kilicho nyuma ya utepe kikidondoka, sauti inafifia. Hamishia utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu, ni kazi ya robo saa ukiwa na mikono mitulivu. Mpira wa deki ukiwa umeyeyuka, wapo mafundi redio wa zamani Kariakoo.

Jambo ambalo sikufundishwa na mtu: pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo ya kuiinamisha. Kila redio iliinama kivyake, na kaseti inataka hedi iinamie pale pale iliporekodiwa. Zungusha taratibu huku ukisikiliza sauti nyembamba, mpaka zifunguke. Ukikosea hapa, kompyuta haitakurudishia kilichopotea. Kisha rekodi WAV ya biti 24, yaani faili la sauti lisilobanwa, usiifanyie chochote, weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba yako. Mvua za masika unazijua.

Kasi nayo ina mtego. Utepe wa kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Betri zikiwa zimechoka wakati wa kurekodi, unakwenda taratibu, na leo ukiucheza kwa kasi sahihi wimbo unapaa kama katuni. Nilikuwa tayari kurekebisha kila kitu. Mzee alikubali nyimbo mbili tu, nyingine akasema hivyo ndivyo alivyozizoea na ndivyo anavyozitaka. Na fikiria singeli, ule muziki wa kasi wa Dar, mapigo 200 hadi 300 kwa dakika: fundi asiyeijua angeapa kwamba mashine imeharibika.

Kuchagua nyimbo ndiko tulikogombana. Mimi nilitaka kila kipindi cha maisha yake kiwakilishwe, haki bin haki. Albamu ikawa kama hotuba ya msibani. Kilichonitoa ni mkusanyiko wa Francis Bebey, yule Mkameruni aliyeishi Paris na kufariki 2001. Lebo ya Ufaransa, Born Bad, ilichukua kazi zake za vinanda vya umeme za 1975 hadi 1982 tu. Gitaa lake la klasiki na riwaya zake havikuguswa, na bado mtu unamsikia. Tukachagua dirisha moja, miaka ya kaseti na pantoni. Ukilenga santuri, upande mmoja hubeba kama dakika 20 vizuri. Wimbo wake mmoja wa dakika 18 ulijimilikia upande mzima, na sikubishana.

Tarehe hakuwa ameandika hata moja. Ila alikuwa akirekodi juu ya kaseti zilizotumika, na mwishoni mwa mbili tatu ilibaki mikia ya matangazo ya mpira, Simba na Yanga. Magoli yale yalitupa pa kuanzia, kwa sababu wimbo hauwezi kuwa mzee kuliko mechi iliyo chini yake. Kwa hiyo sikiliza hadi utepe uishe.

Makaratasi usiyaache mwisho. Hakimiliki kwa sheria yetu ya 1999 inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, maana yake unafanya kazi na wajukuu pia. Andikeni makubaliano kabla ya kumiksi, orodhesheni kila aliyeimba hata kiitikio, sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mzee aliwahi kusaini karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, ikatuchelewesha miezi.

Pantoni nililirudisha, nakala ghafi ilikuwepo. Kwenye wimbo wa saba kuna mlio mdogo, "tk", mara mbili, dakika ya nne. Safari hii niliuliza kwanza. Mzee akausikiliza mara tatu, ameinamisha kichwa, akasema hata yeye hajui ni nini. Tukauacha.