Maswali ya Wasomaji: Je, damu ya ubongoni imepungua kweli?

SWALI: Kwenye MRI ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) tunapima mtiririko wa damu ubongoni bila kuchoma dawa, damu tunaitia alama kwa mashine yenyewe ikiwa bado shingoni. Mgonjwa mmoja alipata 52 mwezi Machi na 44 mwezi Juni (mililita kwa gramu 100 za ubongo kwa dakika). Daktari anauliza kama hali imezorota. Tumjibuje?
Radiografa, Mwanza

JIBU: Mwambieni bado hamjui. Inakosekana namba ya tatu: kipimo chenu huyumba kiasi gani mtu yuleyule akipimwa mara mbili bila kitu kubadilika.

Kuipata, pimeni watu kadhaa wenye afya mara mbili, 35 wangefaa. Kati ya vipimo mtu ashuke kitandani kabisa, kisha apangwe upya. Kwa kila mtu, gawanyeni tofauti ya vipimo viwili kwa wastani wake, jibu lizidisheni kwa lenyewe, mgawanye kwa 2. Tafuteni wastani wa watu wote, kisha kipeuo cha pili. Hapo zidisheni kwa 2.77, mpate mpaka ambao badiliko likiuvuka ndipo mliamini. Tuseme kabla ya kuzidisha mmepata asilimia 10: mpaka wenu ni asilimia 28. Kutoka 52 hadi 44 ni asilimia 15 tu, kwa hiyo hamna ushahidi wa mabadiliko. Wagonjwa hutikisika zaidi kuliko watu wenye afya, hivyo mpaka wao huenda ukawa mpana zaidi.

Kabla ya hesabu hiyo, fungueni mipangilio ya siku zote mbili. Mwongozo wa kimataifa wa 2015 wa kipimo hiki unataka damu itiwe alama kwa milisekunde 1800, kisha isubiriwe 2000 kwa wagonjwa watu wazima. Muda wa kusubiri ukiwa mfupi, damu inakutwa bado njiani: mishipa inang'aa, ubongo unaonekana mkavu. Upande mmoja ukiwa na giza lote, angalieni kwanza chuma shingoni au kwenye meno kabla ya kusema mshipa umeziba. Na kahawa! Kikombe cha asubuhi kinapunguza mtiririko wenyewe, wala si kosa la mashine.

Kosa linalojificha zaidi limo kwenye programu ya kukokotoa. T1 ya damu (muda unaoonyesha alama hufifia haraka kiasi gani, kwa milisekunde) huwekwa 1650 kwa Tesla 3 na 1350 kwa Tesla 1.5. Ikibaki 1350 kwenye mashine yenu, tuseme kwa 1800 ya alama na 1800 ya kusubiri, jibu linapanda kwa takriban asilimia 40.

SWALI: Na watoto wenye selimundu?

JIBU: Hao 1650 haiwafai. Chembe nyekundu zikipungua, T1 hurefuka. Ikiwa kweli ni 1850 na programu bado inatumia 1650, kwa muda uleule, jibu litapanda kwa karibu asilimia 18. Tatizo ni kwamba upungufu wa damu huongeza mtiririko kweli, kwa hiyo kosa na ugonjwa vinaelekea upande mmoja. Pimeni damu siku ileile ya picha, mrekebishe T1 ya kila mtoto.