"Hawajapasuliwa" si "hawatapasuliwa"

SWALI: Wiki tatu zilizopita binti yangu wa miaka 22 alipatikana na kidole tumbo kilichovimba. Alipewa antibayotiki, maumivu yakaisha. Daktari alituambia, "Wengi wanaotibiwa kwa dawa hawapasuliwi ndani ya miezi mitatu." Mume wangu asema habari ya kisu imekwisha. Mama mkwe asema lazima apasuliwe, kwani wote anaowajua walipasuliwa ndipo wakapona. Nani yuko sawa? – Mama wa Kondele, Kisumu

JIBU: Mama, hakuna kati yao. Maneno ya daktari yanalingana na utafiti wa Marekani wa mwaka 2020, uliohusu watu wazima 1,552. Katika kila 100 waliopewa dawa, 29 walikuwa wamepasuliwa kufikia siku ya 90. Waliobaki 71 ni wengi kweli, ila hao *hawajapasuliwa*. Hakuna aliyesema *hawatapasuliwa*. Baba ameichukua "ja" akaisoma "ta". Ufuatiliaji ulipoendelea, idadi ilifika 40 kwa mwaka mmoja, na karibu nusu kufikia mwaka wa tatu au wa nne.

Tena "wengi" ni neno linalochanganya watu wasiofanana. Waliokuwa na kijiwe ndani ya kidole tumbo, 41 katika 100 walipasuliwa ndani ya siku hizo 90. Wasio nacho, 25. Kwa hiyo itafuteni ripoti ya picha ya tumbo, muulize kama kijiwe kilionekana. Jibu hilo lina uzito kuliko mabishano yote ya sebuleni.

Mama mkwe ameona upande mmoja tu. Kwamba kila aliyepanda matatu alifika Ahero hakuthibitishi kuwa wa boda hakufika. Ili kujua kama dawa haiponyi, lazima uwatazame waliotumia dawa, na nusu yao hivi walikaa miaka bila kupasuliwa.

Kuna kosa la tatu, nalo ndilo la hatari. Maumivu yakirudi, mara nyingi huanzia kitovuni kisha huhamia chini kulia. Yakipoa ghafla, msiseme "amepona": kidole tumbo kikitoboka, shinikizo la ndani hushuka na mgonjwa hupata nafuu ya muda, huku usaha ukisambaa tumboni. Homa ikipanda, tumbo likikaza au akitapika, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.