MUULIZE MPIGA PICHA: Mtoto mikononi mwa Stalin

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha historia sekondari huku Ngaramtoni, Arusha. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, amembeba mtoto wa kike, mtoto anacheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo imechezewa." Nilikosa jibu. Picha ya mtawala iliyochezewa unaijuaje?
Mwalimu, Ngaramtoni

JIBU: Marahaba mwalimu. Mwambie kijana mtoto yule hakubandikwa. Mtoto alikuwepo, Stalin alikuwepo, na kicheko kile ni cha mtoto mwenyewe. Ndiyo maana inaniuma kuliko zile zilizokatwakatwa.

Za kukatwakatwa zipo. Stalin alipigwa picha kando ya mfereji wa Moscow na Yezhov, mkuu wake wa polisi wa siri. Yezhov akauawa 1940, na kwenye nakala za baadaye aliposimama pamekuwa maji. Kazi hiyo naijua. Ukikwangua negativu (filamu ambayo peupe huonekana peusi, na peusi peupe) kwa wembe, pale panatoka peusi kwenye karatasi. Ukipaka wino, panatoka peupe. Dawa yake ni kutafuta nakala ya zamani na kuziweka pamoja.

Ya mtoto haina dawa hiyo. Anaitwa Gelya Markizova. Januari 1936 baba yake, Ardan Markizov, kamisaa wa kilimo (ni kama waziri) wa Buryat-Mongolia, jimbo la Kisovieti huko Siberia, alikwenda Kremlin, makao ya serikali Moscow, na ujumbe wa kwao, Gelya akiwa naye. Binti akampa Stalin maua, Stalin akambeba, kamera zikalia. Picha ikajaa magazetini na kwenye mabango, hata sanamu ikachongwa kutokana nayo. Mwaka uliofuata baba akakamatwa, eti jasusi wa Wajapani. 1938 akapigwa risasi. Mama akapelekwa Kazakhstan kwa nguvu, akafia huko.

Sasa wakubwa wa serikali wafanyeje? Picha imeshatapakaa nchi nzima, na aliyemo ni binti wa "adui wa umma". Wakabadili jina tu. Ikasemwa yule ni Mamlakat Nakhangova, msichana wa Kitajiki aliyesifika kwa kuvuna pamba. Wembe wala brashi havikuhitajika. Mtoto yupo pale anacheka, na jina lake wamemnyang'anya.

Kwa hiyo, mwalimu, usiishie kuuliza kama imechezewa. Uliza nani aliita wapiga picha, nani aliandika maneno ya chini, na hao waliomo walifikia wapi. Ile ya Idi Amin akibebwa kwenye kiti na Waingereza, Kampala, Julai 1975, wakati wa mkutano wa wakuu wa Afrika, nayo ni halisi. Alitaka Afrika ione Mzungu akimbeba Mwafrika, na wengi walishangilia. Waganda aliokuwa akiwaua hawakuwemo kwenye fremu.

Ndugu zao nilikuja kukutana nao. Machi 1979 Waganda waliokimbia utawala wake walifanya mkutano wao hapa Moshi. Mmoja aliingia studio kwetu, akatoa kwenye pochi kipande cha picha kilichokunjwa mara nne. Kaka yake. Askari walimchukua nyumbani na hakurudi, hata kaburi hawalijui. Akaniomba nikitolee nakala, iwe kubwa ya kutundika.

Mkunjo ulikuwa umepita juu ya jicho la kushoto, karatasi imemenyeka, pamebaki peupe. Nilipiga upya, nikasafisha, kisha nikakaa karibu na dirisha na brashi ya nywele mbili tatu. Nukta moja, nasubiri ikauke, nukta nyingine. Jicho la kulia ndilo nililoliiga. Alipokuja kuchukua hakusema neno. Aliifunika kwa koti lake kwa kuwa nje kulikuwa na mvua.

Ile niliichezea, mwalimu, kwa mkono huu. Na kwenye ya Stalin, uso wa mtoto haukuguswa. Wawekee wanafunzi picha ya Gelya tena ubaoni, na safari hii andika chini yake jina la baba yake.