Kila neno limekolezwa, na agizo halionekani

SUALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Nasomesha historia kidato cha pili, skuli moja ya Wete, Pemba. Kazi naziweka kwenye darasa letu la mtandaoni la Moodle, na wasioweza kuingia huko nawatumia kwa WhatsApp. Maandishi nayapamba: herufi nzito, rangi nyekundu, mistari chini. Bado kila jioni naulizwa, "Mwalimu, tufanye nini hasa?" Nakosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu mwenzangu. Nimeisoma kazi ya mikarafuu uliyoniambatishia. Somo ni zuri: kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Lakini zaidi ya nusu ya maneno umeyakoleza, na agizo lenyewe, "andika aya mbili", limekaa mwisho wa aya ya tatu kwa herufi za kawaida. Mtoto anasoma kwenye simu ya mama yake, bando linakaribia kwisha. Macho yake yanakimbilia penye weusi, na kwako weusi uko kila pahala.

Agizo lipandishe juu kabisa, na liwe ndilo pekee lenye herufi nzito: "Andika aya mbili: kimbunga cha 1872 kilibadilisha nini katika kilimo cha karafuu? Mwisho Alhamisi, saa 2 usiku." Maelezo yafuate chini yake.

Mstari chini uache moja kwa moja. Mtandaoni watu wamezoea kuwa chenye mstari kinabonyezwa, na watoto watabonyeza wee bila kufika popote. Rangi itumie kwa kiasi, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Hili la vichwa ndilo ninaloliombea zaidi. Usikuze herufi na kuzikoleza ukaita kichwa. Kwenye kihariri cha Moodle chagua mtindo wa kichwa katika menyu. Mwanafunzi asiyeona, anayesomewa na programu ya simu, huruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka afike anapopataka. Herufi zilizokolezwa tu, programu haizihesabu kuwa kichwa, kwa hiyo itambidi asikilize ukurasa mzima ili apate suali moja. Haki yake ni sawa na ya wenzake, na kwako ni kubonyeza mara mbili tu.

Ukinakili kutoka Word, bandika kwa Ctrl+Shift+V, maandishi yaje matupu, kisha uyapange hapo hapo.

Kwenye WhatsApp, mapambo ya Moodle mara nyingi hayafiki. Zungushia nyota agizo lako, *Andika aya mbili*, nyota zigusane na herufi. Ukiacha nafasi baada ya nyota ya kwanza, litabaki jepesi na nyota zake zikionekana. Tangu 2024 ukianza mstari kwa kistari na nafasi, unapata orodha. Kabla ya kuwatumia wanafunzi, jitumie mwenyewe kwanza, uisome kwenye simu.