Msumeno Ukigoma Kuwaka, Fungua Plagi Kabla ya Kununua Kabureta

Msomaji mmoja wa Kigamboni ameniandikia kwamba msumeno wake wa mnyororo, ambao ndio unaomlisha yeye na vijana wake, umekuwa mgumu kuwaka tangu mvua zilipoanza, na kwamba fundi amekwisha kumtajia bei ya kabureta mpya, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, ninunue au nisinunue?" Nilimjibu kwamba asinunue kitu chochote mpaka afungue plagi, ile inayotoa cheche ndani ya silinda, na kuitazama. Naona jibu hilo halikumridhisha, kwa hiyo ninalieleza hapa kwa kirefu, kwa kuwa ninajua wengi mnaoishi kwa kukata miti katika jiji hili la Dar es Salaam mnataka ninachokitaka mimi, yaani mashine inayowaka asubuhi na mteja atakayepiga simu tena.

Mimi nilianza kazi hii kwa panga na shoka, nikipunguza miembe na mikungu kwenye nyua za watu. Nilipopata msumeno wangu wa kwanza, uliotumika tayari, ulikaa vizuri kwa muda kisha ukaanza kusumbua. Niliupeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani, naye bila hata kugusa plagi akasema kabureta imekufa. Nililipa, ikafungwa mpya, mashine ikawaka, na baada ya siku chache ikagoma vilevile. Niliporudi kumwomba nikae pembeni nimwangalie anavyofanya, alinijibu mbele ya wateja wengine: "Wewe ni mtu wa panga, rudi kwenye panga lako." Watu walicheka. Miaka imepita, ninapita mtaa ule kila ninapokwenda kununua minyororo, na sijawahi kuingia tena katika kibanda kile.

Nyumbani nilivuta kamba huku choki, ile inayobana hewa ili injini baridi iwake, ikiwa imefungwa, nikavuta tena na tena, kisha nikafungua plagi. Ilikuwa kavu kabisa, kana kwamba haijawahi kukutana na petroli. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza: plagi kavu baada ya kuvuta sana maana yake mafuta hayafiki kwenye silinda, na plagi iliyolowa maana yake mafuta yanafika lakini hayaungui. Nilichukua kipande cha waya, nikakikunja ncha, nikavuta nje ule mpira ulio ndani ya tangi. Mwishoni mwake kuna filta ndogo yenye uzito, ambao huizamisha chini ili ifyonze mafuta hata unapougeuza msumeno upande. Filta yangu ilikuwa imevaa utando wa kahawia unaoteleza vidoleni, na nilipojaribu kupuliza kupitia kwake hewa haikupita. Kabureta ya zamani, ambayo kwa bahati nilikuwa nimedai nirudishiwe, niliifunga tena baada ya kubadilisha filta, na mashine ikawaka. Filta mpya haikufikia hata bei ya sahani ya chipsi mayai.

Mfano wa plagi iliyolowa niliukuta Goba wakati wa masika, ambapo mwembe ulikuwa umeangukia ukuta na kufunga njia ya gari. Vijana waliotangulia walikuwa wamevuta kamba mpaka viganja vikachubuka, na mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuwaita wababaishaji. Nilipoifungua plagi ya mashine yao ilitoka nyeusi, ikidondosha mafuta. Walikuwa wameendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa hata baada ya injini kukohoa mara ya kwanza, na kwa namna hiyo silinda ilikuwa imefurika. Injini ikikohoa, choki hurudishwa nusu hapo hapo, na ndivyo ilivyo kwa misumeno mingi.

Dawa yake haina ufundi mkubwa. Unazima swichi, unatoa plagi, unaugeuza msumeno ili tundu la plagi litazame chini, na unavuta kamba mara kadhaa petroli iliyozidi itoke. Plagi unaikausha, unaisugua masizi kwa brashi ya waya, na unahakikisha mwanya kati ya ncha zake ni takriban milimita 0.5. Kisha unaifunga, unawasha swichi, unaacha choki wazi, unabana resi na kuvuta. Ule msumeno wa Goba uliunguruma kwa moshi mwingi mweupe, na yule mama, ambaye alikuwa hanisalimii, akaniletea maji ya kunywa. Sitaficha kwamba nilifurahi.

Kama plagi imelowa lakini dawa hiyo haikusaidia, tazama cheche. Iache plagi ikiwa imechomekwa kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye bodi ya silinda mbali na tundu na mbali na petroli iliyomwagika, kisha mwambie mwenzako avute. Cheche nzuri ni ya bluu na huonekana vyema kivulini. Isipoonekana, jaribu plagi nyingine kabla ya kuilaumu koili, yaani ile inayozalisha umeme wa cheche, na uhakikishe swichi haijawekwa kwenye kuzima. Jambo hili la mwisho linachekesha mpaka siku litakapokukuta mbele ya mteja.

Kwa msomaji wangu wa Kigamboni, hata hivyo, nina shaka zaidi na dumu lake la mafuta. Mashine inayolala siku nyingi wakati wa mvua mara nyingi huwashwa kwa mafuta yaliyochanganywa kabla ya mvua, na petroli iliyokaa hupoteza kwanza ile sehemu nyepesi inayoruka haraka, ambayo ndiyo inayowezesha injini baridi kushika moto. Mimina mafuta hayo kwenye chupa ya kioo na uyaache yatulie: maji, kama yameingia, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, yatajikusanya chini na utayaona kwa macho. Changanya upya kiasi cha kazi ya wiki chache tu. Misumeno mingi ya sasa hutaka uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili, kwa lita 5 za petroli, na baadhi ya ya zamani hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 200 kwa kiasi kile kile. Soma kitabu cha mashine yako. Watu wanaopima oili kwa kukisia kwa macho ndio wanaonisikitisha kuliko wote, kwa sababu wanataka kuitwa mafundi na hawataki kununua kikombe cha kupimia.

Filta ya hewa iliyozibwa na unga wa mbao na wavu wa ekzosi uliojaa masizi navyo huzuia mashine kupumua. Visafishe, ni kazi ya dakika chache. Na unapovuta kamba, breki ya mnyororo iwe imefungwa, msumeno uwe chini, na mguu wa kulia ukanyage mpini wa nyuma. Wanaouwasha ukiwa unaning'inia mkononi wanajionyesha tu.

Liko tatizo moja ambalo ninakiri linahitaji fundi. Zima swichi, shika mpini wa kamba na uuinue msumeno taratibu kwa kamba hiyo. Injini yenye nguvu huukataa uzito huo na kushuka kwa kusitasita; ukiteremka moja kwa moja bila ukinzani, pistoni au ringi zimekwisha, na mara nyingi chanzo huwa oili iliyopungua kwenye mafuta. Katika hali hiyo mwambie fundi afungue ekzosi mbele yako, mmulike pistoni kwa tochi kupitia tundu lake, na akuonyeshe michubuko kabla hamjazungumza habari ya fedha.