Vijana wa mtaa wetu wanaweza kufunzwa uokoaji?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi naishi Igogo huku juu kwenye mawe, mvua ikinyesha hatulali na gari la zimamoto haliwezi kupanda huku, je sisi wenyewe tunaweza kufunzwa? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mnaweza kabisa, maana jirani ndo anafika wa kwanza, ile ndege ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022 wavuvi ndo walitangulia na mitumbwi yao. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa aandike barua zimamoto na Msalaba Mwekundu kuomba mwalimu. Chagueni vijana wanaoshinda mtaani, wajue mzee gani hawezi kutembea, nani ana kichanga, filimbi ikilia kila mmoja ana nyumba yake ya kukimbilia. Na jamani hili nawaomba sana, mtu akitolewa majini hapumui msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, mlazeni chali, mpulizieni pumzi kwanza, halafu viganja katikati ya kifua, mgandamize mara 30, pumzi 2, mnapokezana hivyohivyo mpaka msaada ufike. Namba ya zimamoto ni 114, iandikeni kwa rangi kwenye jiwe kubwa pale njia panda.