Moodle kwenye simu: nianzie wapi?

SWALI: Nimekubaliwa chuo ambacho nusu ya masomo ni darasani na nusu kwenye Moodle, jukwaa la masomo mtandaoni. Nina simu tu, na huku kwetu umeme hukatika kila jioni. Nianzie wapi? – Msomaji, komini (mtaa) ya Kenya, Lubumbashi, DRC

JIBU: Anza na saa. Fungua wasifu wako wa Moodle, na kwenye saa za eneo chagua Africa/Lubumbashi. Moodle huonyesha muda wa mwisho kwa saa za wasifu: ukibaki kwenye saa za Nairobi, utasoma saa 7 usiku, kumbe kwetu mlango unafungwa saa 6.

Kisha weka programu ya Moodle, maana kivinjari hula mega ovyo. Ukipata Wi-Fi chuoni, pakua somo zima. Nyumbani utalisoma bila mtandao. Video ziache, kama mwalimu ametoa maandishi yake.

Wengi huumia kwenye kupeleka kazi. Faili ikionekana kwenye ukurasa haimaanishi imefika: huenda bado ni rasimu mpaka ubonyeze kitufe cha kuwasilisha. Angalia hali yake, upige picha ya skrini. Kurasa za mkono ziunganishe ziwe PDF moja; picha nane za simu zinaweza kuzidi ukubwa unaoruhusiwa.

Jaribio la dakika 30 usilianze jioni. Mtandao ukikatika, saa ya jaribio haikungojei. Fanya asubuhi, betri ikiwa imejaa.

Na nywila? Iandike kwenye daftari.